Ilimradi Inawaka? Hapana Jamani!

Najua nimepotea kitambo. Mitihani ilikuwa inanyonya damu, halafu bumu likachelewa, mnajua wenyewe hali ikiwa hivyo mtu hata hamu ya kuandika hana. Leo nimerudi, na nimerudi na hasira. Kama ulikuwa unatafuta stori za kantini na nani kaonekana na nani, pita kesho. Leo naongelea waya.

Ndiyo, waya. Waya wa taa za ziada za pikapu, zile taa kubwa tunazozifunga kwenye bampa ya mbele au juu ya kabini, mtaani tunaziita spotilaiti. Usicheke. Mpaka ukifika mwisho utajua kwa nini leo nimeamua kugombana na mafundi, na wenye magari, na sisi wenyewe wasomi wa hapa kampasi. Hasa sisi.

Nianze na kisa chenyewe. Baba yangu mdogo anaishi Ilula, kule Kilolo. Kama umewahi kupita barabara kuu ya kwenda Iringa, unapajua: ukishamaliza kupanda Kitonga, ukaenda mbele kidogo, unakuta nyanya na vitunguu vimepangwa kando ya barabara mpaka macho yanachoka. Baba mdogo ni mtu wa nyanya. Ana Hilux yake ya zamani, kabini moja, ndiyo imetusomesha mimi na wadogo zangu wawili. Hiyo gari kwetu siyo gari tu. Ada yangu ya mwaka wa kwanza ilitoka kwenye bodi ya hiyo pikapu.

Likizo iliyopita nilikuwa kule. Baba mdogo akawa analalamika kwamba akisafiri usiku haoni vizuri, taa za gari zimechoka, vioo vya taa vimekuwa vya njano. Akanunua spotilaiti mbili za halojeni, wati 100 kila moja. Tukaenda kwa fundi umeme wa magari, simtaji jina wala gereji, hana tofauti na wengine mia. Kijana mchangamfu, mikono mepesi, maneno mengi. Akazifunga kwa dakika arobaini hivi. Nilikuwa pale pale nimemshikia tochi!

Alichofanya ni hiki. Alichuna ganda la waya unaopeleka umeme kwenye taa kubwa, akakunjia hapo waya wake, akazungushia tepu. Huo waya wake ni ule mwembamba wa spika za redio, mwekundu na mweusi. Akaupitisha kwenye tundu la ukuta wa chuma unaotenganisha injini na kabini, bila mpira wowote wa kuzuia kukwaruzika. Akaufikisha kwenye kiswichi kidogo cha bei rahisi chini ya dashibodi, akaurudisha mbele kwenye taa. Rilei hakuna. Fyuzi yake mwenyewe hakuna. Kuwasha, fyuzi ya taa kubwa ikakatika. Akaweka nyingine, ikakatika tena. Akasema, "Hizi fyuzi za siku hizi feki." Akachukua uzi wa shaba, akausokota, akaubana pale penye fyuzi. Taa zikawaka! Mwanga mpaka ng'ambo ya barabara. Watu wakapiga makofi.

Baba mdogo akaniuliza, "Mwanangu, wewe ndiye injinia. Vipi, iko sawa?"

Nikamjibu, "Iko sawa, baba. Ilimradi inawaka."

Wadau, hilo neno nitalikumbuka mpaka naingia kaburini.

Wiki mbili baadaye tulikuwa tunashuka Kitonga na mzigo wa matenga ya Morogoro. Saa nane usiku. Mbele tupo mimi na baba mdogo. Nyuma juu ya mzigo yupo kijana wa kazi pamoja na mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, ana miaka 14, alikuwa ameng'ang'ania kwenda kuona mji. Kitonga mnaijua: kona juu ya kona, na malori ya kwenda Tunduma na Zambia yanapanda polepole yananguruma. Mara nikasikia harufu ya plastiki inaungua. Kabla sijafungua mdomo moshi ukaanza kutoka chini ya dashibodi, na taa zote za mbele zikazima. Zote, siyo spotilaiti peke yake. Giza totoro, gari lina mzigo, tunashuka, tuko kwenye kona, na kutoka chini lori linapanda.

Sijui baba mdogo alifanyaje. Alibana pembeni kwa kukisia tu. Lori lilitupita, honi yake bado iko masikioni mwangu. Gari liliposimama nikafungua boneti, na spana namba 10 mkononi nikafungua kichwa cha betri huku natetemeka kama mwenye malaria. Mdogo wangu alikuwa anaita, "Baba! Baba! Kuna moto?" Tukakata matawi tukayatandaza barabarani nyuma na mbele, tukakaa hapo mpaka kunakucha. Hakuna aliyeongea. Nyanya zilifika Morogoro mchana soko limeshalegea, na nyingine zilikuwa zimeshaanza kuvuja. Hasara ile tuiache. Hasara iliyokuwa inataka kutokea nyinyi wenyewe mmeiona.

Sasa tuje kwenye hoja. Kuna watu nikiwasimulia hiki kisa wanasema, "Pole, ajali haina kinga." Nakataa! Hii haikuwa bahati mbaya. Ilikuwa hesabu, tena ya kidato cha pili. Ngoja niwaoneshe.

Taa mbili za wati 100 ni wati 200. Gawanya kwa volti 12, unapata karibu ampia 17. Huo ni mzigo mpya, juu ya mzigo wa taa kubwa zenyewe ambazo ukiwa kwenye dimu zinakula wati 55 kila upande, yaani kama ampia 9. Jumlisha: ampia 26. Fyuzi ya ampia 15 ikikatika hapo, feki ni ipi? Fyuzi ilikuwa inafanya kazi yake kwa uaminifu kuliko binadamu wote tuliokuwa pale! Ilikuwa inapiga kelele kwa lugha pekee inayoijua: nimekatika, nimekatika tena. Sisi tukaiziba mdomo kwa uzi wa shaba.

Halafu ule waya wa spika. Chukua waya wenye unene wa milimita za mraba 0.75, urefu wa mita tano kutoka mbele kuingia ndani na kurudi. Pitisha ampia 17. Unapoteza karibu volti 2 njiani, na ndani ya waya linazaliwa joto la wati 30 hivi. Wati 30 ni sawa na pasi ndogo ya kulehemu redio. Yaani baba yangu mdogo alikuwa anaendesha na pasi ya kulehemu imetandazwa kwenye gari lake, na mtoto wake kakaa juu ya bodi.

Na kichekesho ni kwamba hata huo mwanga hakuupata. Taa ya halojeni ina roho ndogo: ukiipunguzia volti kwa asilimia 10, mwanga unapungua kwa kama asilimia 30. Ukipoteza volti 2 unakaribia kupoteza nusu ya mwanga. Watu walipiga makofi kushangilia nusu taa.

Mwisho ni lile tundu la chuma. Gari likitembea linatikisika. Waya ukishalegea kwa joto, chuma kinakula ganda lake kidogo kidogo. Siku shaba inagusa bodi, umeme wote wa betri unapata njia ya mkato. Palipokuwa na fyuzi, fyuzi ingekatika na mambo yakaishia hapo. Pasipo na fyuzi, kinachokatika ni waya mkuu unaolisha taa zote. Ndiyo maana tulibaki gizani. Si shetani wa Kitonga, ni uzi wa shaba.

Najua mtanijibu nini, wengine nawasikia tayari.

Wa kwanza atasema: "Wewe msomi unadharau mafundi wa mtaani." Hapana kaka. Aliyekuja kulirekebisha gari letu ni fundi wa mtaani vilevile, mzee wa makamo aliyejifunza kazi chini ya mwembe, darasa la saba. Huyo alipoangalia ule uchafu alitikisa kichwa, akaniuliza, "Kijana, unasoma nini?" Nikasema uhandisi. Akanyamaza. Ule unyamavu ulinichapa kuliko fimbo. Kisha akachukua rilei, akaniuliza mguu wa 30 ni wa nini. Wadau, nilipata alama nzuri sana kwenye somo la saketi! Najua kuandika milinganyo ya matrisi. Mguu wa 30 sikuujua.

Basi mzee akanifundisha, na mimi nawafundisha nyinyi bure. Rilei ni swichi inayowashwa na umeme mdogo ili kupitisha umeme mkubwa. Ina miguu minne, na namba zake zinafuata kanuni moja ya Wajerumani iitwayo DIN 72552, hivyo ukizijua umezijua kwa magari mengi. Mguu wa 30 unapokea umeme moja kwa moja kutoka chanya ya betri, na katikati yao, karibu kabisa na betri, inakaa fyuzi. Kwa taa zetu tuliweka ya 25. Mguu wa 87 unapeleka umeme kwenye taa. Miguu ya 85 na 86 ni ya koili, na koili inakula umeme mdogo sana, ampia 0.15 hivi. Ni huo umeme mdogo tu ndio unaoingia ndani ya kabini kwenye swichi. Ule mkubwa unabaki huko mbele, kwenye waya mnene wa milimita 4, njia fupi, betri hadi taa. Swichi haiungui, waya hauchemki, taa inapata volti zake. Kila waya unaopita kwenye chuma unavalishwa mpira. Hasi ya taa inafungwa kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi na kutu mpaka kikang'aa. Basi. Hiyo ndiyo siri yote.

Wa pili atasema: "Hivyo vitu ni gharama, maisha magumu." Ndugu yangu, nilinunua mwenyewe. Rilei, kishikio cha fyuzi, fyuzi za akiba, waya mnene, mipira, vyote kwa pamoja havikufika bei ya tenga moja la nyanya. Sisi siku ile tuliharibu matenga mangapi? Na hapa nawageukia wenye magari. Mtu ananunua taa, ananunua na stika ya "Mungu Mkubwa" ya kubandika nyuma, akifika kwa fundi anamwambia, "Fanya ya haraka, fanya ya bei poa." Fundi naye ana njaa, anakata pale ambapo wewe huoni. Wewe unaona taa, huoni waya. Ukilipia unachokiona tu, utapata unachokiona tu.

Wa tatu atasema: "Mbona fulani amefunga hivyo hivyo miaka mitatu na gari linatembea?" Hiyo hoja naiogopa kuliko zote kwa sababu inafanana na ukweli. Aliyepona hana habari ya kusimulia, anaendelea tu na safari zake. Aliyeungua naye husikii chanzo, unasikia "gari lilishika moto ghafla." Magari hayashiki moto ghafla jamani. Yanaandaliwa, kwa dakika arobaini, na mtu mwingine akiwa ameshika tochi.

Wa nne, huyu wa kisasa, atasema: "Siku hizi kuna taa za LED, hazili umeme, rilei ya nini?" Kweli LED zinakula kidogo kwa mwanga uleule. Lakini usiamini maandishi ya kwenye boksi, pima ampia zake kwa mita ndipo uchague waya na fyuzi. Na hata zikila ampia tano, waya usio na fyuzi ukikwaruzika bado unapata umeme wote wa betri. Fyuzi haikai pale kwa ajili ya taa. Inakaa kwa ajili ya waya, na waya ukiungua hauulizi mwishoni umefungwa LED au halojeni.

Kuna jambo lingine limenikaa rohoni, na hapa nitagombana na madereva wenyewe. Ule ufungaji wa kwanza ulikuwa na dhambi nyingine ambayo hatukuiona kwa sababu hatukuwa mbele ya gari letu. Zile spotilaiti zilikuwa zinawaka muda wote, dimu zinawaka, fulu zinawaka. Kila tuliyepishana naye usiku tulimpofusha. Mwenye baiskeli, mwenye bodaboda, dereva wa basi lenye abiria. Nakumbuka baba mdogo akisema, "Hawa watu wakorofi, mbona wanatuwashia fulu?" Walikuwa wanatuomba, baba. Walikuwa wanatuambia hatuoni.

Yule mzee akalimaliza na hilo. Ile Hilux, kama Toyota nyingi za zamani, fulu yake inawashwa kwa upande wa hasi, siyo chanya, hivyo ukichomeka kwa mazoea bila kupima utakesha. Akachukua multimita, akapima, akachukua ishara ya rilei kutoka kwenye waya mbili za fulu yenyewe, akaipitishia kwenye swichi ya dashibodi. Sasa spotilaiti haziwezi kuwaka bila fulu. Ukidimu kumpisha mwenzako, nazo zinazima zenyewe. Nikamwambia mzee, hii ni akili sana. Akanijibu, "Si akili, ni adabu. Ukimwachia dereva akumbuke, atasahau. Weka adabu kwenye waya."

Nami nasema, hiyo ndiyo tofauti ya fundi na mfungaji.

Sasa nije kwetu. Nilisema hasira yangu kubwa ni kwetu, na sijasahau. Sisi tunakaa hapa kampasi tunakariri desa, tunapiga mtihani, tukikwepa sapu tunashangilia. Tukirudi nyumbani wazazi wanatuita injinia, nasi tunaitika. Baba mdogo hakuniuliza mimi kwa sababu nina sura nzuri. Aliniuliza kwa sababu alikuwa ameuza nyanya miaka yote ili siku moja kuwe na mtu wa kumuuliza. Siku hiyo ikafika, na huyo mtu akajibu "ilimradi inawaka" kwa sababu aliona aibu kusema sijui.

Aibu hiyo ndiyo ilitaka kumuua mdogo wangu. Fundi alikosea, ndiyo. Lakini fundi alikuwa amefika mwisho wa ujuzi wake. Mimi nilikuwa na hesabu yote kichwani! Wati gawanya kwa volti. Ningeifanya kwa kidole kwenye vumbi la bodi. Sikuifanya kwa sababu darasani hatujawahi kuulizwa swali lenye harufu ya plastiki inayoungua. Tunaulizwa "tafuta I", tunatafuta I, tunapewa alama, tunakwenda kula chipsi. Hakuna anayetuambia kwamba I ikizidi, kuna mtoto wa miaka 14 amekaa juu ya bodi.

Mtasema mwalimu, mtasema maabara vifaa vichache, mtasema mfumo. Sawa, kweli kuna ya kusema huko. Lakini rilei moja inahitaji mfumo gani? Betri moja ya zamani, taa moja, swichi moja, waya. Wenzangu wa mwaka wa tatu, tukichanga kila mtu kidogo kwenye bumu, tunaweza kuwa na ubao wa mazoezi nyuma ya bweni wiki ijayo. Mimi natoa rilei mbili na multimita yangu. Na tumwalike fundi mmoja wa mtaani atufundishe, tumlipe kama tunavyomlipa mtu mwenye ujuzi, nasi tumwoneshe hesabu ya ampia na unene wa waya. Yeye ana mikono, sisi tuna hesabu, na kila mmoja peke yake ni hatari barabarani.

Kwa ambao nyumbani kuna gari lenye taa za kufungwa, nawapa kazi ya wikiendi hii. Fungua boneti. Fuata waya wa hizo taa kwa kidole chako, kutoka taa mpaka betri. Ukikutana na fyuzi, shukuru. Usipokutana nayo, chomoa hiyo waya leo, usingoje kesho. Washa taa dakika kumi, kisha zima na ushike waya: ukiwa wa moto, hapo pana pasi ya kulehemu. Na ukikuta uzi wa shaba penye fyuzi, usimtukane fundi mbele ya watu. Mwambie mzazi wako, kwa adabu lakini bila kupepesa: hili gari usiku lisitoke.

Atauliza, "Mbona inawaka?"

Mwambie hata nyumba inayoungua inawaka.

Mdogo wangu siku hizi hataki tena kupanda nyuma ya pikapu usiku. Mwezi uliopita alinipigia simu, akaniuliza kama nimeshajifunza vizuri huko chuoni. Nikamwambia najifunza. Akasema, "Sawa kaka, jifunze." Hakucheka.

Naomba kuwasilisha. Anayetaka kuchangia ubao wa mazoezi anitafute, chumba changu mnakijua. Wa kubisha naye karibu, ila aje na hesabu zake.